Nilimkana Mume Wangu kwa Ajili ya Pensheni

Nilikosa. Sisemi nilikoseshwa, wala sisemi shetani alinipitia. Shetani siku ile alikuwa na shughuli zake nyingine. Nilikosa mwenyewe, asubuhi kweupe, akili zangu zikiwa timamu, mbele ya watu waliojaa veranda ya ofisi ya kata.

Jina langu siliandiki. Singida mjini tunajuana, na nikitaja tu naweka meza yangu ya mitumba upande gani wa soko, kesho mtakuja kunitazama badala ya kununua. Majina ya wengine nayo nimeyabadili. Kosa peke yake ndilo nimeliacha kama lilivyo.

Mume wangu wa kwanza alikuwa bwana mifugo wa serikali. Watu walimwita Baba Rehema kwa jina la binti yetu mkubwa. Alikuwa na pikipiki ya ofisi na sanduku la chanjo, na alijua ng'ombe wa wilaya nzima kuliko alivyojua ndugu zangu. Aliugua wiki mbili tu. Akaniachia Rehema, akiwa darasa la tano, na mdogo wake Saidi ambaye alikuwa hajaanza shule.

Nilipomaliza eda, ukoo wa marehemu ukaitisha kikao kwa mama mkwe, kijijini Mwankoko. Wale mnaosubiri nisimulie jinsi mashemeji walivyoninyang'anya mabati, mtasubiri sana. Watu wale walikaa kwenye mkeka, wakaniuliza watoto wanaendeleaje, kisha wakaandika muhtasari kwamba msimamizi wa mirathi niwe mimi. Shemeji mkubwa akasema, "Yeye ndiye aliyemuuguza. Sisi tulikuwa tunapiga hodi tu." Wote wakasaini. Mama mkwe akaweka dole gumba.

Kwa hiyo msitafute mbaya mwingine kwenye habari hii. Mbaya anawaandikia.

Nikazunguka na karatasi kama wajane wote. Muhtasari wa kikao ulikwenda mahakama ya mwanzo, tangazo likabandikwa ukutani, siku zilizowekwa zikapita bila mtu kupinga, nikapewa barua ya usimamizi. Nikaongeza cheti cha kifo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, picha ndogo, na barua ya mwajiri wake. Kila dirisha likawa na karatasi yake inayokosekana. Mwisho wa yote ukalipwa mkupuo, yaani ile sehemu inayotoka mara moja. Nikamalizia nyumba. Kisha ikaja barua kwenye bahasha ya kaki kwamba wategemezi wa marehemu tutakuwa tunapata pensheni kila mwezi.

Naomba mjue kwamba mimi najua kusoma. Nimemaliza darasa la saba, tena si kwa kusukumwa. Ile barua nilianza kuisoma vizuri, nikafika mahali palipoandikwa kiasi, nikamshukuru Mungu, nikaikunja. Chini yake kulikuwa na mistari mingine minne. Niliiona. Nilidhani ni salamu.

Meza iliyopakana na yangu sokoni ilikuwa ya Mwajuma. Naye alifiwa na mume, aliyekuwa mfanyakazi wa shirika la umma, mojawapo ya yale yaliyokuja kuuzwa. Mwajuma alikuwa ameolewa tena na dereva wa lori. Siku moja tunapanga nguo akaniambia, "Wewe furahia hiyo pensheni yako, lakini usije ukaolewa. Ukiolewa tu, wanakata."

"Nani anakata?"

"Serikali. Mimi walinikata mwezi ule ule nilipopeleka cheti cha ndoa. Mjane akiolewa si mjane tena."

Mwajuma hakunidanganya. Alisema yaliyompata. Kosa langu ni kwamba niliyachukua yake nikayavaa kama gauni la mtumba, bila kuangalia kama lilishonwa kwa kipimo changu.

Miaka ile soko huria lilikuwa limeingia hadi uani. Kila aliyepata kamtaji alileta mashine ya kukamua alizeti, na mashine hizo ziliharibika kwa zamu kama zimepangiana. Ndipo akaja mjini Idi, fundi kutoka Itigi, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Alitafuta chumba. Mimi nilikuwa na chumba cha nje, chenye mlango wake. Akapanga.

Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono yenye harufu ya mafuta. Hakuombwa kuziba paa lililokuwa likivuja, alipanda akaziba. Saidi akawa anamfuata kila anakokwenda. Rehema akawa anampelekea daftari la hisabati. Baada ya mwaka Idi akaja kwangu amevaa kanzu, nikajua leo hajaja kuhusu bomba.

Nilimpenda. Liandikwe hilo, maana huko mbele halitaonekana.

Hata mama mkwe alishaniambia, tena mara mbili, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kinyaturu: "Olewa mwanangu. Mwanangu amekufa, wewe hujafa." Nikamjibu tutaangalia. Kichwani mwangu kulikuwa na sauti ya Mwajuma tu: wanakata.

Nikampa Idi sharti. Ndoa ifungwe, ila isijulikane. Yeye abaki na chumba chake cha nje, na mbele za watu awe mpangaji. Aliuliza, "Mpaka lini?" Nikasema mpaka watoto wakue kidogo. Akasema, "Haya. Lakini mimi siyo mwizi. Sijazoea kujificha."

Tulifunga ndoa Ikungi kwa mjomba wangu, baada ya swala ya adhuhuri. Alikuwepo shehe, mjomba, na rafiki mmoja wa Idi. Nilipika pilau mwenyewe kwenye harusi yangu mwenyewe, na jioni tulirudi mjini kwa mabasi mawili tofauti. Hebu fikirini. Mwanamke wa miaka thelathini na sita anaanza fungate kwenye basi lake peke yake.

Tuliishi hivyo mwaka mmoja na miezi kadhaa. Barazani yeye aliniita "mama mwenye nyumba" na mimi nilimwita "fundi." Ndani watoto walimwita baba. Alipougua malaria kali, mjomba alikuja kutoka Ikungi kumpeleka hospitali, mimi nikabaki nyumbani nikifua mashuka, kwa sababu mwenye nyumba hawezi kukaa kitandani kwa mpangaji akilia. Alipopata nafuu akaniambia, "Twende ofisini kwao tukaulize. Labda siyo kama unavyodhani."

Nikamkatalia. Sisi kwetu ni wafanyabiashara tangu babu. Kwetu mtu haulizi bei mara mbili, anaogopa itapanda. Nikamwambia, "Ukiuliza unawaamsha. Halafu, mambo ya mafao ya marehemu hayakuhusu."

Akaenda zake kazini. Hakuyagusa tena.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Tulitangaziwa kwamba wategemezi wote wanaolipwa wafike ofisi ya kata kuhakikiwa. Nilikwenda mapema. Veranda ilikuwa imejaa wastaafu na wajane, mabenchi hayakutosha, wengine wamekaa chini. Mjomba wangu naye alikuwepo, maana alikuwa amemsindikiza kutoka Ikungi jirani yake mstaafu anayelipwa mjini. Kwenye meza alikaa kijana mmoja mpole wa kutoka ofisini, mwenye daftari na mhuri, akimwamkia kila mtu mzima shikamoo kabla ya kumuuliza jina.

Zamu yangu ilipofika nikagundua nimesahau cheti cha kifo nyumbani. Kabla sijamaliza kujieleza, nikamwona Idi anakuja na baiskeli. Alikuta bahasha juu ya kabati, akaacha mashine ya watu imefunguliwa, akanifuata. Akapanda ngazi, akaamkia watu, akanyoosha bahasha.

Yule kijana akamtazama, akatabasamu, akasema kwa adabu tu, "Karibu mzee. Wewe ndiye baba mwenye nyumba?"

Hakuwa anachunguza. Leo najua. Alikuwa anamkaribisha mtu kama anavyomkaribisha kila mtu.

Lakini mimi nilisikia mkasi. Nikasimama. "Hapana," nikasema, "huyo ni mpangaji wangu tu. Fundi mashine."

Kama ningeishia hapo, ningekuwa mwoga wa kawaida. Sikuishia. Niliona kijana bado ameshika kalamu, nikadhani haamini. Nikaongeza sauti. "Wallahi mimi sina mume. Na kama huyu amewahi kusema mahali ni mume wangu, basi ni tapeli, anamezea mate haki ya mayatima."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema, "Mafundi hao." Mwingine akamwambia Idi arudi kwenye mashine zake. Mjomba wangu, shahidi wa ndoa yangu, alikuwa anaangalia viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza amevinunua.

Idi angeweza kunipinga. Shahidi alikuwa amekaa hatua nne kutoka pale. Aliweka bahasha mezani, akainyoosha vizuri mbele ya yule kijana, akasema, "Karatasi za mama hizi hapa." Akashuka ngazi, akapanda baiskeli.

Yule kijana akachukua cheti, akaangalia jina langu, akaandika kwamba nipo hai. Akaandika kwamba watoto wapo hai. Akagonga mhuri. Akasema, "Asante mama, anayefuata."

Hapakuwa na swali la mume. Nilichungulia fomu ile kwa macho yangu. Hapakuwa na hata nafasi ya kuliandika.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hotuba nzima ya kumtuliza Idi. Nilikuta chumba cha nje kimefagiliwa. Ufunguo ameuacha kwa Rehema. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni na sare za shule. Habari ilikuwa imeshamfikia kwa watoto wa jirani.

"Mama, umesema baba Idi ni tapeli?"

"Mambo ya wakubwa hayo."

"Na mimi nikiulizwa shuleni yeye ni nani, nisemeje?"

Nikamwambia avue sare, ale. Rehema hakunisemesha siku nyingi baada ya hapo, zaidi ya shikamoo, ambayo alinipa kila asubuhi kwa ukamilifu uliokuwa unaniumiza kuliko kama angeninyima.

Wiki ya tatu mjomba alinifikishia karatasi ya talaka. Ilikuwa talaka moja, imeandikwa vizuri mbele ya shehe yule yule. Chini Idi alikuwa ameongeza kwa mkono wake kwamba ananiacha ili asije akaonekana anasimama kati ya mayatima na haki yao. Mjomba akasema, "Nilitaka kusema siku ile. Nikaona wewe umeshaapa." Nikamwambia si kosa lake. Nikampikia chai, tukanywa.

Nikakaa eda ya mume ambaye niliapa sina. Nilikuwa naihesabu kimoyomoyo nikiwa nauza soksi za watoto, na mtu wa kunipa pole hakuwepo, kwa sababu niliwahakikishia mwenyewe kwamba hakuna kilichopotea.

Lakini pensheni ilikuwepo. Nilijiambia hivyo kila nilipokwenda kuichukua. Nimepoteza mume, nimeokoa pensheni.

Mwezi mmoja nikaenda, haikuwepo. Nikaambiwa labda imechelewa. Mwezi wa pili haikuwepo. Nikasema Idi amenichongea, amekwenda kuwaambia tulikuwa tumeoana. Nilimlaani njia nzima mpaka ofisi ya mfuko wa pensheni, mtu aliyenifanyia wema tu.

Ofisini nilimkuta mama mmoja wa makamo, mwenye miwani. Nikaanza kujitetea kabla hajauliza. Nikasema mimi sijaolewa, maneno wanayosema watu ni ya uongo, naweza kuleta mjumbe wa mtaa.

Akanisubiri nimalize. Akavuta faili. "Mama, nani amekuuliza mambo ya kuolewa?"

"Si ndiyo mmenikatia?"

"Hujakatiwa. Imeisha. Mume wako alikuwa mtumishi wa serikali aliyefariki akiwa bado katika utumishi. Kwa taratibu zake mnalipwa mkupuo, halafu wategemezi wanalipwa pensheni ya miezi thelathini na sita. Miaka mitatu. Imetimia." Akageuza barua kunionyesha. Ilikuwa nakala ya ile yangu ya bahasha ya kaki. Mistari minne ya chini, ile niliyodhani salamu.

"Na kama ningeolewa?"

"Ungeendelea kulipwa mpaka itimie. Kuolewa kwako hakutuhusu."

"Mbona mwenzangu alikatwa?"

Akaniuliza mume wa mwenzangu alifanya kazi wapi. Nikamwambia shirika fulani. Akatikisa kichwa. "Yule ni wa mfuko mwingine mama. Kwao mjane analipwa kwa utaratibu mwingine, na akiolewa inasimama. Wewe na yeye mnafanana kufiwa tu. Kwa nini hukuja kuuliza?"

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za ile ofisi. Sikulia. Nilikuwa nawaza Mwajuma, ambaye alipoteza pensheni akijua anaipoteza kwa nini, na kila jioni dereva wake anakuja kumbebea robota la nguo. Mimi sikukatiwa hata siku moja. Nililipwa kila kilichokuwa changu, mpaka mwezi wa mwisho, na nikamtoa mume juu yake kama nyongeza ambayo hakuna aliyeniomba.

Mwaka mwingine ukapita ndipo nikasikia Idi yuko Nduguti, amewekewa mashine na mfanyabiashara mmoja wa huko. Nikachukua basi. Sikwenda kumrudisha, ingawa nilivaa khanga mpya. Nilikwenda kuomba radhi.

Nilimkuta kazini. Mashine inanguruma, wakulima wamekaa juu ya magunia ya alizeti wakisubiri zamu. Pembeni mwanamke kijana alikuwa anachuja mafuta kwenye madumu, na mgongoni ana mtoto mchanga. Akaniamkia, akanivutia kigoda, akamuuliza Idi kwa sauti ya kushinda mashine, "Mgeni wetu huyu ni nani?"

Nilijua ninachostahili kujibiwa. Mtu mwingine angesema mteja, au mama mmoja tu wa mjini.

Idi akazima mashine. Wakulima wote wakageuka. Akafuta mikono, akasema, "Huyu alikuwa mke wangu. Nilimuoa Ikungi. Tulikaa Singida, tukaachana." Akanigeukia. "Karibu. Watoto hawajambo?"

Yule mkewe akasema, "Karibu sana dada," akaenda kuninunulia soda.

Nilimwambia niliyokwenda kusema. Kwamba niliapa uongo juu yake, kwamba haikuwa lazima hata kwa pensheni yenyewe, kwamba nilimlaani bure. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilikusamehe siku ile ile, kabla sijafika njia panda. Kurudi ndiyo sikuweza. Ningeingiaje humo ndani? Ungeniitaje?"

Kisha akauliza kama Rehema amefaulu hisabati. Nikamwambia amefaulu. Akafurahi kweli, mpaka akamwambia mkewe. Halafu wakulima wakaanza kunung'unika, akawasha mashine.

Nyumbani nilimweleza Rehema yote, bila kujipunguzia. Nilikwenda pia Mwankoko nikamwambia mama mkwe. Bibi yule akacheka kwanza, akalia baadaye. Mjomba nilimtuma awaambie walionisikia pale ofisi ya kata kwamba Idi hakuwa tapeli. Sijui wangapi waliambiwa. Uongo niliusema kwa sauti kubwa, ukweli ulikwenda kwa miguu ya mzee mmoja.

Dada zangu mliofiwa, msichukue sheria ya mafao kwenye meza ya mitumba. Mifuko haifanani. Mwingine unalipa mara moja, mwingine unalipa kwa muda wenye mwisho, mwingine unasimama ukiolewa, na sheria zenyewe hubadilika. Nenda ofisini na faili la marehemu, uliza, ukijibiwa uliza tena. Barua ukipewa isome mpaka kwenye sahihi. Na ukikuta kweli kuolewa kutakukatia, basi amua mwanamke wewe, chagua kimoja, uchague waziwazi.

Lakini usimfiche mtu aliyekuoa kihalali. Siku moja atapanda ngazi akikuletea ulichosahau, na mtu mpole atakuuliza huyu ni nani. Jibu basi: ni mume wangu. Maneno matatu, wala hayahitaji mhuri.